Ekseli ya Kike

Mzee Alawi alikuwa fundi magari, lakini ukimsikiliza ungedhani ni mwalimu wa lugha aliyepotea njia akaangukia kwenye oili. Gereji yake ilikuwa Nianjema, Bagamoyo, uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati, na mteja akiingia akasema "gari yangu imezima," alisahihishwa yeye kwanza, gari baadaye. "Gari langu limezima," Mzee Alawi angemwambia, na mpaka mteja arudie vizuri ndipo boneti lifunguliwe. Watu walimcheka wakiwa wamempa mgongo, na kazi wakampelekea yeye, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Alizaliwa katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo, na aliamini kwamba Kiswahili kinakaa nyumbani kwao na watu wengine wote wanakiazima.

Alikuwa na jambo lingine, alikuwa mtu wa haya. Mafundi wote wa pwani hii, na wa bara pia, huviita vyuma dume na jike. Chuma kinachoingia ni dume, kinachopokea ni jike, wala hakuna anayeona vibaya. Mzee Alawi aliona vibaya. Alisema hayo ni maneno ya banda la mbuzi, na mtu mzima mwenye wakwe hayatamki. Kwake, chuma kinachoingia kiliitwa mzizi, na kinachopokea kiliitwa kikombe. Hakuna fundi mwingine aliyesema hivyo, naye hilo halikumsumbua, aliona ni wao waliopotea.

Gari lililoleta balaa lilikuwa la Bwanausi, mtu anayenunua samaki wakavu Saadani na kuwauzia watu wa Zinga na vijiji vya barabarani. Lilikuwa gari dogo la oto, linalobadilisha gia lenyewe, na giaboksi yake ilikufa kwenye mchanga, gari limejaa samaki. Bwanausi akaapa kwamba hataki tena oto. "Oto ni ya watu wa lami," alisema. "Nitilie gia za mkono, Mzee Alawi, nijue mwenyewe ninachokifanya."

Kubadilisha oto kuwa gia za mkono si kazi ya kuchomoa kimoja na kuchomeka kingine. Panahitajika pedeli ya klachi, waya zake, na kila kitu kinachoigusa giaboksi ile lazima kikubaliane na mgeni. Kwa spea hizo Mzee Alawi hakuwa na haja ya kuhangaika. Mkwewe Amiri, mume wa binti yake Nadhira, alikuwa anauza spea zilizotumika huko Bunju. Amiri alikuwa mtoto wa wakulima wa Zinga, Mkwere kwa kabila, mpole, asiye na maneno mengi. Alipokuja kuposa, shangazi wawili watatu walinong'ona kwamba binti wa mjini anakwenda kwa mtu wa shamba. Mzee Alawi aliwanyamazisha, akamwoza, na hakuna aliyejua kwamba ule mnong'ono alikuwa ameumeza bila kuutafuna.

Giaboksi ilifika nzima, pamoja na pedeli na ekseli, chuma kinachopeleka nguvu gurudumuni, ya upande wa dereva. Ya upande wa pili ilikuwa imepinda, Amiri hakuona sababu ya kuituma. Basi Mzee Alawi akapiga simu Bunju. Ilikuwa jioni, Nadhira anakuna nazi, na Amiri alikuwa ananawa mikono, kwa hiyo simu ikawekwa sauti ya nje juu ya meza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kazi imekwenda vizuri. Sasa nataka ekseli iliyobaki. Ya gia za mkono, ya kike."

Amiri alisita kidogo. "Ya kike, baba? Una hakika?"

"Mimi nikutajie kitu nisichokuwa na hakika nacho? Ya kike."

"Sawa, baba. Nitaitafuta."

Nadhira aliyasikia yote na akaendelea kukuna nazi. Hakusikia kitu cha kumshangaza.

Ekseli ikaja na basi, imefungwa kwenye kiroba na kukazwa kwa mpira. Mzee Alawi aliiweka pembeni bila kuifungua, kwa sababu aliyeituma ni mkwe, na kufungua mzigo wa mkwe kuukagua ni kumshuku. Akapandisha kwanza giaboksi, akaikaza. Siku ya kumalizia Bwanausi alikuja kutazama, na nyuma yake wakaja watu wa soko la samaki ambao hawakuwa na kazi nyingine mchana ule. Ekseli ya upande wa dereva iliingia na kulia tap, mlio ambao fundi huusubiri kama mama anavyosubiri mtoto acheue. Watazamaji wakatingisha vichwa kwa kuridhika.

Kisha akafungua kiroba.

Tundu la giaboksi upande ule lilikuwa linasubiri mzizi. Ekseli iliyotoka kwenye kiroba ilikuwa na kikombe. Vikombe viwili havinyweshani. Mzee Alawi aliigeuza, akaitazama mwisho huu na mwisho ule, kama kwamba mzizi umejificha mahali. Akaenda kwenye giaboksi ya zamani iliyolala mchangani, akaona kwamba ile ya oto ilikuwa na kipande cha chuma kilichochomoza upande huo, ndiyo maana ekseli yake ya kwanza ilikuwa na kikombe. Labda kipande hicho kinaweza kuhama. Akakichomoa kwa taabu, akalala tena chini ya gari, akakijaribu kwenye giaboksi mpya. Kilicheza ndani ya tundu, meno hayakushikana hata kidogo. Akakipaka grisi, akakizungusha, akakitoa. Watazamaji walikuwa wameacha kutingisha vichwa.

"Mkweo kakuletea nini?" Bwanausi aliuliza. Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza mbele ya watu.

Mzee Alawi akatoka chini ya gari, mchanga umemganda mgongoni. Angeweza kusema, "Ngoja nimpigie." Yangekwisha hapo. Lakini macho yalikuwa mengi, na mtu aliyezoea kusahihisha hajui kukaa kimya anapoonekana hajui. "Kaniletea takataka," akasema. "Kaona mzee huyu ataipokea tu. Ndiyo tabu ya kuoza shamba."

Laiti angeishia hapo. Akafuta mikono, akachukua simu, akafungua kundi la ukoo, lile ambamo watu hupeana habari za misiba na arusi, akarekodi sauti yake mwenyewe. Nimemwambia mtu alete ya kike, alisema, kwa Kiswahili safi, na akaniuliza kama nina hakika, na nikamwambia ninayo. Kaniletea chuma alichokosa pa kukitupa. Ndugu zangu, tulimpa binti mtu huyu. Mkwe wangu ni tapeli.

Shangazi mmoja akajibu, "Pole, kaka." Baada ya muda kukatokea mstari mdogo wa kijivu, usio na hasira wala salamu, kwamba Amiri ametoka kwenye kundi.

Alikuwa ameisikiliza sauti ile dukani, mbele ya wateja, kwa sababu alidhani ni habari ya msiba. Alifunga duka mapema, akarudi nyumbani. Nadhira alikuwa amekwisha kuisikia. Amiri hakuuliza mengi. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, viatu bado miguuni.

"Mama Lulu, na wewe unaonaje?"

Hapo palihitajika maneno machache tu, na mke yeyote mwema anayajua. Mume wangu si tapeli. Lakini Nadhira alikuwa anaona uso wa baba yake ukiwa na mchanga mbele ya watu, na shangazi wanaopigiana simu, na ule mnong'ono wa siku ya posa umerudi kumcheka. Alimwonea aibu mume wake. Ndiyo hivyo, alimwonea aibu. Akasema, "Baba hajawahi kukosea spea."

Amiri aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa bei. Akachukua kofia yake, akaenda kuswali. Asubuhi Nadhira alimvika mtoto wao Lulu nguo, akasema anakwenda Bagamoyo kumwona mama. Amiri hakuuliza atarudi lini.

Njia nzima alikaa na uso chini. Pale kituoni Bagamoyo dereva wa bajaji aliyemjua alimuuliza habari za shemeji, naye akajibu "mzima" kwa sauti ya mtu anayeficha kitu chini ya kanga. Nyumbani mama yake, Bi Sihaba, alimpokea bila maswali, jambo lililomwumiza zaidi kuliko maswali. Akapika wali na samaki, wakakaa mkekani wanawake wawili na Lulu katikati. Mzee Alawi alikuwa gereji, ambako alikuwa ameshinda tangu asubuhi bila kufanya kazi, gari la Bwanausi limekalia mawe.

Lulu akatia mkono kwenye sinia.

"Aa, mjukuu wangu," Bi Sihaba akasema. "Huo mkono wa kike. Kwetu hatuli kwa mkono wa kike. Kula kwa wa kuume."

Tonge la Nadhira likasimama njiani. Aliurudisha mkono wake kwenye sinia, taratibu.

"Mama. Baba akisema kike, anakusudia nini?"

"Kushoto. Kwani kuna kike kipi kingine?"

"Kwa mafundi kipo, mama. Chuma kinachopokea. Wao hukiita jike."

Bi Sihaba akaangalia upande wa mtoto, kisha akapunguza sauti. "Astaghfirullah. Baba yako atamke neno hilo kwa mkwewe?"

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lote. Hangelitamka. Baba yake angekatwa ulimi kabla hajalitamka. Kwa hiyo aliposema ya kike, haikumpitia akilini kwamba kuna binadamu atafikiri anasema hilo. Na Amiri, aliyekulia Zinga ambako mkono ni kulia na kushoto, aliyefunzwa maneno ya vyuma dukani, angelisikiaje vinginevyo? Ekseli ya zamani ya gari lile, ya oto, ilikuwa jike. Akaambiwa jike. Akauliza, una hakika? Akaambiwa ninayo.

Nadhira hakula tena. Ile aibu aliyokuja nayo kutoka Bunju, aliyodhani ni ya mume wake, ilikuwa imegeuka na sasa inamtazama yeye. Alikuwepo. Simu ilikuwa juu ya meza, nazi mkononi mwake. Katika watu watatu walioyasikia maneno yale, yeye peke yake ndiye aliyezaliwa katika Kiswahili cha mmoja na kuolewa katika Kiswahili cha mwingine. Kama kulikuwa na mtu wa kujua, ni yeye, na alipoulizwa hakujihangaisha hata kufikiri.

Akamwachia mama yake mtoto, akaenda Nianjema kwa miguu. Baba yake alikuwa amekaa juu ya tairi, ile ekseli miguuni pake. Bwanausi alikuwa amesimama karibu na gari lake kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Baba," Nadhira akasema, "ulitaka ekseli ya kushoto."

"Nilisema hivyo."

"Ulisema ya kike."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kwetu. Amiri ni mtu wa spea, baba. Kwao ya kike ni..." Akashindwa. Akainama, akaweka kidole kwenye mdomo wa ile ekseli. "Ni hii."

Mzee Alawi alikitazama kidole cha binti yake. Akaitazama ekseli. Bwanausi akageuka, akajifanya anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. "Kikombe," Mzee Alawi akasema, na sauti yake haikuwa ya kumsahihisha mtu. "Aliniuliza kama nina hakika. Nikadhani ananipima."

Akachukua simu. Akarekodi tena, na lazima isemwe kwamba alirekodi vizuri. Alieleza neno lilivyopotoka, akasema mkwewe hana kosa, akataka radhi kwa lugha iliyonyooka, bila kujitetea. Alipomaliza aliishusha simu, na uso wake ulianza kupata nafuu.

"Baba, Amiri hayumo kwenye kundi."

"Yuko wapi?"

"Alitoka. Siku ile ile."

"Basi nani wamenisikia?"

"Wote isipokuwa yeye."

Nafuu ikaondoka usoni. "Mwambie wewe," akasema. "Wewe ni mkewe, kwako litaingia laini."

"Siwezi, baba. Aliniuliza kama wewe ni mkweli au yeye. Nikamwambia hujawahi kukosea spea."

Mzee Alawi alisimama, akaifunga ile ekseli kwenye kiroba chake, akaikaza kwa mpira ule ule.

Kesho yake alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akakipakata kiroba mpaka Bunju, Nadhira pembeni yake. Maduka ya spea pale yamepangana, na wauzaji wote wanajuana biashara na siri. Amiri alipowaona alisimama, akafuta mkono.

"Shikamoo, baba."

Mzee Alawi hakuitikia marahaba. Aliweka kiroba chini, akawaita wauzaji wa jirani wasogee, na wateja waliokuwepo pia. Alisema alimtukana mtu huyu mbele ya watu, kwa hiyo hawezi kumtaka radhi uchochoroni. Alisema tapeli ulikuwa ulimi wake mwenyewe. Alitaka ekseli ya mkono wa kushoto, akaita ya kike kama walivyoita wazee wake. Mimi kitu hiki hukiita kikombe, alisema, akikionyesha. Lakini mwanangu huyu yeye alisikia...

Akakwama. Wote walikuwa wanajua neno lenyewe, kila mmoja wao angelitaja hata huku anatafuna. Yeye alilisukuma kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Alisikia jike."

Muuzaji mmoja alicheka, kisha akaona shingo ya mzee ilivyolowa jasho, akaacha. Mzee Alawi alikuwa amelitamka mbele ya mkwe, na binti yake akiwa anasikia, na hakujua tena aweke wapi macho.

Amiri akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Yamekwisha, baba. Marahaba yangu sijaipata."

"Marahaba, mwanangu."

Amiri akaingia ndani, akatoka na ekseli nyingine. Ilikuwa imekwisha kufungwa, na juu ya kiroba pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Mzee Alawi, Bagamoyo. "Niliipata siku iliyofuata ile sauti yako," alisema. "Nilingoja mtu apige simu. Hii ina mzizi, baba. Ya kushoto." Na kwa vile alilichagua neno la mzizi, mzee akazidi kuinama.

Kisha Amiri akamgeukia mke wake, aliyekuwa amesimama nje ya kivuli cha duka muda wote.

"Karibu," akamwambia, kama anavyowaambia wateja.

Walisogea pembeni, kwenye rundo la bampa. Nadhira alikuwa ameandaa maneno tangu Nianjema, na yote yalihusu kike na kushoto. Aliyaeleza. Amiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alisema neno la kwao, mimi nikasikia neno la kazini," akasema. "Hilo linatokea. Lakini mimi sikukuuliza habari za ekseli, mama Lulu. Nilikuuliza habari zangu."

Nadhira akasema, "Nimekosa."

"Najua." Hakulisema kwa ukali. "Baba yako nilikuwa nimemsamehe kabla hajafika, ni mzee na alikasirika. Wewe sijui. Mlete mtoto, nimemkosa."

"Na mimi?"

Amiri alikuwa anaangalia upande wa duka, ambako mteja ananyanyua taa na kuirudisha. "Sikukufukuza," akasema. "Njia unaijua."

Akaenda kumhudumia yule mteja.

Walirudi Bagamoyo, ekseli imelala juu ya mapaja ya Mzee Alawi na kuichafua kanzu. Walikuwa wameipita Zinga alipouliza, bila kumtazama, mkwewe amesemaje. Nadhira akamwambia. Mzee huyo ambaye hakuwahi kuiachia sentensi ya mtu ipite hivi hivi, hiyo aliigeuzageuza mdomoni na hakukuta pa kuisahihisha.

Jioni, wakati Nianjema ekseli ile ilipoingia na kulia tap na Bwanausi akamshukuru Mungu kwa sauti, Nadhira alikuwa nyumbani kwa mama yake anakunja nguo za Lulu. Alizipanga zote mkobani. Akazitazama za kwake kwa muda, kisha akazitia nazo, moja moja, kama mtu anayebisha hodi asijue kama ataitikiwa.